Vinundu vya Mlenda

Kwanza nilidhani ni panya.
Nyoka akimeza hutuna, kisha hunywea taratibu,
kama mto wa kochi mgeni akishaondoka.
Lakini panya wa mwisho nilimpa siku ya mnada wa Msalato,
na tangu hapo imepita minada mitatu.
Panya gani huyu asiyeyeyuka?

Nikaacha cherehani, nikamtoa kwenye kasha,
nikamnyoosha juu ya meza kando ya futi.
Sentimita thelathini kutoka kichwani: kinundu.
Arobaini na mbili: kingine, kigumu,
kama kifungo kilichosahaulika ndani ya pindo.
Cha tatu karibu na mkia. Hicho kilikikimbia kidole.
Nikaandika kwenye daftari la wateja,
chini ya sare za kwaya ya Chamwino:
Mlenda. Thelathini. Arobaini na mbili. Sabini na moja.

Jina alipewa na kaka yangu, Chilewa,
kwa jinsi anavyoponyoka mkononi
kama mlenda unavyolikwepa tonge la uwele.
"Mwezi mmoja tu, Sechelela," alisema, akapanda basi la Geita.
Mwaka wa pili huu.
Yeye yuko chini ya ardhi anachimba,
mimi niko Nkuhungu nalea nyoka.

Majirani wana majibu kabla ya swali.
Mama Nyemo: "Ana mimba huyo, nunua kufuli."
Madeha wa baiskeli: "Kameza gololi zangu, nazidai."
Mwenye nyumba hakutania. Alisema, "Mchome,"
akaniachia kiberiti juu ya meza ya kukatia.

Daktari Mhembano ni wa mbuzi na ng'ombe.
Alinawa mikono mara mbili kabla ya kumgusa,
mara tatu baadaye.
"Mbuzi hulia hata kabla hujamchoma sindano," alisema.
"Huyu hana hata kope la kufumba. Nitajuaje panapouma?"
Nikamshika Mlenda kichwa. Alikuwa wa baridi, na alitulia.

Kinundu cha kwanza alikichana kidogo, kama tundu la kifungo.
Kikatoka kitu cheupe, bapa, kirefu,
kikijikunja kwenye kibano.
Mimi, niliyekula kwa uzi miaka kumi na tisa,
nilidhani ni uzi.
"Mnyoo. Ulimlisha vyura?"
Nilimlisha. Mvua ziliposhuka
watoto waliwaokota madimbwini, shilingi mia kila mmoja,
na mimi nilimwonea huruma: panya, panya, kila siku panya.

Cha pili kilikuwa usaha,
ila usaha wa nyoka hautiririki;
ulitoka vipande vikavu, kama ubuyu.
"Hapa aling'atwa. Ulimwachia panya hai usiku kucha?"
Nilikuwa na gauni la bibi harusi, umeme ukakatika,
nikalala na sindano mdomoni.
Sikujibu. Daktari hakurudia swali.

Cha tatu alikibonyeza, akakisikiliza kwa vidole,
akaweka kisu chini.
"Hiki sikijui. Labda ubavu ulivunjika, ukaunga vibaya.
Labda ni kitu kibaya zaidi.
Nikikata kwa kubahatisha, nitakata asichoweza kurudishiwa.
Kipime kila Jumamosi. Kikikua, nipigie."

Basi kila Jumamosi nampima,
futi ile ile inayopima viuno vya kwaya.
Sabini na moja, kipo. Ukubwa wa kunde.
Jumamosi iliyofuata, kunde.
Jana niliona kama kimezidi;
nikapima tena dirishani, kwenye mwanga. Kunde.

Chilewa akapiga jioni, mtandao ukikatika-katika.
"Mlenda mzima?"
"Anakula," nikamwambia. "Na wewe?"
Akakohoa, akanyamaza kidogo,
akakohoa tena.
"Nipo," akasema. "Nipo tu."

Nikafungua daftari, nikatafuta mstari mtupu,
nikaandika jina lake.
Mbele yake sijajua niandike nini.